Mlango Uliopelekwa Mahakamani

4 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Salamu kutoka kwenye kiti changu cha cherehani. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo siku hizi linataka mafuta kuliko cherehani yenyewe. Wewe je? Unakula? Kile kifua hakikusumbui na vumbi la majalada ya huko mahakamani kwenu?

Ningepiga simu, najua, lakini kwenye simu unaniharakisha, na jambo hili linataka mtu akae chini. Mwanangu, nimeshtakiwa.

Jana asubuhi alikuja mwanamume mwenye mkoba, akaniuliza jina langu, nami nikadhani anataka suruali. Nimeshachukua utepe, nimeshamwambia anyooshe mguu, ndipo akaniambia hapana mama, mimi nimeleta wito wa mahakama. Akanipa karatasi mbili, nikatia sahihi kwamba nimepokea, akaenda zake. Nimesoma mara tatu. Anayenishtaki ni Mzee Kiraka.

Ndiyo, huyo huyo. Jirani yetu wa nyuma, fundi viatu, rafiki wa marehemu baba yako, aliyekushonea viatu vyako vya kwanza vya shule akakataa hata asante. Anadai mlango. Unaukumbuka ule mlango wa mbao kwenye ukuta wa nyuma, kati ya ua wake na wetu, ambao alikuwa akipita kila asubuhi kwenda kwenye kibanda chake barabarani. Mwezi wa tisa nilimwita mwashi, akautoa mlango, akaziba tundu kwa matofali. Sasa Mzee Kiraka inambidi azunguke kwa ngazi za sokoni, na mguu wake unaujua. Alikuja kulalamika mara mbili, nikamjibu kwamba ua ni wangu. Mara ya tatu hakuja yeye, imekuja karatasi.

Sasa wewe ni karani wa mahakama, niambie ukweli bila kunibembeleza: nitafungwa? Nimeweka nguo mbili na mswaki kwenye mfuko, endapo.

Mimi mama yako


15 Februari

Mama yangu mpenzi,

Nimekusalimu kwa heshima zote, na kwa kicheko kidogo ambacho naomba unisamehe. Niko salama. Ninakula. Kifua hakijambo, majalada ndiyo hayajambo kwa wingi.

Rudisha mswaki mahali pake. Hii si kesi ya jinai. Ni shauri la madai, yaani mtu mmoja anasema mwenzake amemnyima haki yake, na wote wawili wanamwomba hakimu awaamue. Hakuna polisi, hakuna pingu, hakuna anayekwenda jela kwa sababu ya ukuta. Mzee Kiraka anaitwa mdai, wewe unaitwa mdaiwa. Usiudhike na neno hilo, halina maana kwamba umekosa. Lina maana kwamba zamu yako ya kusema inakuja ya pili.

Ila kuna jambo moja la haraka. Kwenye wito pameandikwa siku ulizopewa za kujibu. Ukikaa kimya hadi zipite, hakimu anaweza kumsikiliza Mzee Kiraka peke yake na kumpa anachotaka. Nimeona watu wengi wakipoteza haki yao hivyo, si kwa sababu hawakuwa na neno, bali kwa sababu waliiweka karatasi chini ya godoro. Chukua hati yake ya madai uisome aya kwa aya. Kila aya useme: hili ni kweli, hili si kweli, hili silijui. Halafu useme upande wako. Niandikie kwa maneno yako mwenyewe nami nitakupangia, ukapeleke kwenye ofisi ya masjala ya mahakama ya huko, na nakala moja impate yeye.

Mama, swali moja, na ndilo hakimu atakalouliza kwanza. Kwa nini uliuziba?

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia nikiwa mzima, ikaniacha mzima zaidi. Nguo na mswaki vimerudi kabatini.

Nilipeleka majibu kama ulivyonipangia. Umeuliza kwa nini niliuziba: wezi. Kuku wawili wamepotea uani, na lile beseni kubwa la bluu. Mlango ulio wazi kwa mmoja uko wazi kwa wote. Ndivyo nilivyoandika, tena nikaongeza kwamba marehemu baba yako alimruhusu Mzee Kiraka kupita kwa hisani tu, na hisani ya mtu huzikwa naye.

Kisha nikaitwa mahakamani. Nikavaa gauni langu la zambarau, nikafunga duka, nikaenda na maneno yote kichwani. Mwanangu, tulikaa kwenye benchi toka saa mbili hadi saa tano. Wakatuita, hakimu akauliza kama wote tupo, tukasema tupo, akaandika tarehe nyingine, basi. Nikamuuliza karani wa pale kama nimekosea chumba. Akaniambia mama, leo shauri lilikuwa linatajwa tu, siku ya kusikilizwa ni nyingine. Ungeniambia mapema ningevaa gauni la kawaida.

Tarehe hiyo nyingine wakatupeleka kwa msuluhishi, chumba kidogo chenye meza ya duara, ili tupatane kabla ya kufika kwa hakimu. Msuluhishi ni mama mmoja mpole. Akamuuliza Mzee Kiraka anataka nini. Akasema mlango. Akaniuliza mimi nataka nini, nikasema wezi wasiingie. Mzee Kiraka akasema yuko tayari kuwa na ufunguo na kufunga kila akipita. Nikakataa. Msuluhishi akaniuliza kama kuna jambo jingine, nikamjibu hakuna. Usuluhishi ukavunjika.

Tuliporudi kwa hakimu aliandika swali moja kwamba ndilo litakaloamuliwa: je, kati ya baba yako na Mzee Kiraka yalikuwapo makubaliano, au ilikuwa hisani? Maana Mzee Kiraka anasema alimpa baba yako hatua nne za kiwanja chake ili karakana yake ya useremala irefushwe, na badala yake akapewa mlango wa kupita maisha yake yote. Karakana ndiyo chumba hiki ninachoshonea. Anasema walikubaliana wiki niliyokuwa hospitali nikikuzaa wewe. Shahidi wake ni nani? Mtu aliye kaburini. Mimi nilitoka hospitali nikaukuta mlango umetundikwa na ukuta wa karakana umesogea, na nilikuwa na mtoto mchanga, sikuuliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta nimejenga, na ufa bado ninao.

Mama yako


3 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na wateja wa sare za shule hawakusumbui mno. Huku mvua imeanza, masjala inavuja, na tumeyahamisha majalada ya kona moja kama watu wanaohamisha watoto waliolala.

Nikueleze siku ya kusikilizwa itakavyokuwa, usije ukavalia bure tena. Mdai ndiye huanza. Ataapa, atasema yake, ataonyesha karatasi zake kama anazo. Halafu hakimu atakuambia wewe umuulize maswali. Hapo watu wengi huanza kuhutubia. Usihutubie, uliza, na swali moja fupi lina nguvu kuliko kumi marefu. Akimaliza na mashahidi wake, siku hiyo au nyingine, ndipo zamu yako: utaapa, utasema, naye atakuuliza.

Kisha kuna mzigo wa kuthibitisha. Anayedai ndiye anayeubeba. Si lazima athibitishe hadi shaka yote iishe, hiyo ni ya kesi za jinai. Hakimu anaweka maneno yenu kwenye mizani, na upande utakaoelemea hata kidogo ndio unaoshinda. Kama Mzee Kiraka hana karatasi wala shahidi, mizani yake nyepesi.

Ninakuandikia haya kama karani. Kama mwanao, naona umenijibu kuhusu kuku na beseni, na sijaamini sana. Beseni la bluu lilipasuka nikiwa bado nasoma. Lakini sitakulazimisha.

Mwanao


12 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Goti limenyamaza. Kuhusu beseni, lilikuwa jingine.

Jana tumesikilizwa. Chumba chenyewe kidogo kuliko nilivyodhani, feni inayozunguka kwa kulalamika, hakimu mwanamke mwenye miwani, anaandika kila neno kwa mkono wake, hivyo ukisema haraka anainua kalamu na kukungoja. Mzee Kiraka alikuwa amevaa koti la mazishi ya baba yako. Nililijua kwa kifungo cha pili, nilikishona mimi asubuhi ile, kwa uzi usiofanana kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Akaapa. Akasimulia hatua nne za kiwanja, na jinsi walivyopima kwa miguu, baba yako akirefusha hatua na yeye akimwambia acha kudanganya, tembea kama binadamu. Hata hakimu alitabasamu. Akasema mlango ulitengenezwa kwa siku mbili na ukatundikwa siku uliyozaliwa. Akasema kwamba tangu mwezi wa tisa anapanda ngazi za sokoni sitini na nne kwenda na sitini na nne kurudi, na kwamba hakuja mahakamani kwa ugomvi. Amekuja kwa sababu hajui amekosa nini.

Zamu yangu ikafika. Nikafuata maneno yako. Nikauliza swali moja tu: una karatasi? Akaniangalia, akasema, "Sina, shemeji. Nani aliandikiana karatasi na ndugu yake?" Hakimu akamwambia ajibu swali tu. Akasema hana. Nikakaa.

Watu wa kwenye benchi walininong'oneza kwamba nimeshinda. Yule karani wa pale alinifungulia mlango nikitoka. Nimerudi nyumbani sikuweza kula. Zamu yangu ya kujitetea ni tarehe 9 Julai. Nitasema yaliyo kwenye karatasi, basi yaishe.

Mama yako


21 Mei

Mama,

Shikamoo sana. Barua hii naiandika kwenye meza yangu ya chumbani, ile aliyonitengenezea Baba nilipopata kazi, na ndiyo sababu ya kuandika.

Jana nilidondosha kalamu, nikapiga magoti kuitafuta chini ya meza, nikaona maandishi ya penseli upande wa chini wa ubao. Nilikuwa nimesahau kabisa. "Ya binti yangu karani. Mguu wa kushoto mfupi kidogo, atie karatasi." Ndivyo alivyokuwa. Kila alichokitengeneza alikiandika mahali ambapo watu hawaangalii: ni cha nani, lini, na kosa lake ni lipi. Kigoda cha jikoni kimeandikwa. Kabati lako limeandikwa nyuma, nilikuonyesha nilipokuwa darasa la tatu. Na milango aliiandika kwenye ukingo wa juu, kichwani, mahali panaposomwa na vumbi peke yake.

Mama, ule mlango uko wapi? Mwashi aliuchukua, au unao?

Sijui ameandika nini, labda ni tarehe tu. Lakini mimi ninafanya kazi mahali ambapo watu huja na karatasi nusu, nimeona linalotokea kwa nusu nyingine, na siwezi kumshauri mtu mwingine kitu nisichomshauri mama yangu. Kama maandishi hayo yanakusaidia, yapeleke. Kama yanakuumiza, nakuomba uyapeleke pia.

Najua nimekuudhi. Nakupenda.

Mwanao


25 Juni

Mama mpenzi,

Salamu kwa mara ya pili bila jibu. Nilipiga simu, jirani wa duka la pembeni akasema upo, unashona, ni mzima, ila huna maneno mengi. Namshukuru Mungu kwa uzima. Kimya chako nimekistahili labda, lakini kinanipa shida kulala.

Sitarudia niliyosema. Nataka tu ujue kwamba hata ukienda tarehe 9 na kuku wako na beseni lako, mimi ni mwanao na nitakuuliza goti linaendeleaje.

Linaendeleaje?

Mwanao


11 Julai

Kitinda mimba wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, na goti halijambo. Nisamehe kimya. Sikukasirika. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafanana na mtu aliyekasirika, baba yako alilijua hilo.

Mlango ulikuwa hapa hapa. Mwashi alipoutoa nilimkataza kuuchukua. Nikaulaza juu ya zile stendi mbili za mbao za baba yako, ukawa meza yangu ya kukatia vitambaa. Mwaka mzima kasoro miezi miwili nimekata sare za shule juu ya ushahidi. Na ile sehemu ya juu, uliyosema inasomwa na vumbi, niliisukuma mwenyewe ikagusa ukuta.

Mwanangu, nilijua. Si kilichoandikwa, lakini nilijua patakuwa pameandikwa. Hata kabla ya barua yako mkono wangu ulikuwa ukienda pale na kurudi. Sikutaka kusoma kwa sababu mbili. Moja ni ya kesi, na hiyo unaijua. Ya pili ni kwamba kila kitu kingine cha baba yako humu ndani nimeshakisoma. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho ambalo bado sijalisikia. Nikishalisoma, basi, hana tena jipya la kuniambia.

Wiki moja kabla ya tarehe nikapiga moyo konde. Nikausogeza mlango, nikapuliza vumbi la chaki yangu, nikavaa miwani. Nakunakilia kama yalivyo:

"Mlango wa rafiki yangu, apite maisha yake yote, kwa hatua nne za kiwanja alizonipa. Leo mke wangu amejifungua mtoto wa kike, wote salama. Nimetundika kwa haraka niwahi hospitali. Bawaba ya chini imekaa upande, nitairekebisha."

Hakuirekebisha. Miaka thelathini na mbili.

Nililia, halafu nikacheka, halafu nikamaliza kukata sare mbili zilizobaki kwa sababu mwenye sare alikuwa anakuja kuzichukua. Asubuhi ya tarehe 9 nikakodi mkokoteni. Mwenye mkokoteni aliuliza tunahamia wapi, nikamwambia mahakamani, hakuuliza tena. Pale mlangoni mlinzi akasema mama, fenicha haziingii. Nikamwambia hii si fenicha, hii ni karatasi yangu. Ikabidi aende kumwita karani, karani akamuuliza hakimu, na mwishowe ukabebwa na watu wanne ukaegemezwa ukutani, ndani kabisa, chini ya feni.

Nikaapa. Hakimu akasema nieleze utetezi wangu. Nikasema kabla ya utetezi nina kitu cha kutoa, nikaomba watu wauinamishe mlango asome mwenyewe. Akashuka kutoka kwenye kiti chake, mwanangu, akainama, akasoma kimya. Akavua miwani. Akaniuliza, "Mama, unafahamu kwamba kielelezo hiki kinamsaidia mdai, si wewe?"

Nikamjibu, "Nafahamu, mheshimiwa. Lakini ni maneno ya mume wangu, siwezi kuyageuza yatazame ukuta."

Akamuuliza Mzee Kiraka kama ana pingamizi kipokelewe. Mzee Kiraka alikuwa ameinama anasoma kwa kidole. Alipofika kwenye bawaba akasema nilimwambia, nilimwambia siku ile ile kwamba imekaa upande. Hakimu akaandika kwamba hana pingamizi. Karani akabandika karatasi yenye namba kwenye mlango wetu.

Kisha hakimu akamwambia Mzee Kiraka aniulize maswali. Nilikuwa nimejiandaa na mengi. Akauliza moja tu, hakuwa amekaza hata sauti.

"Shemeji, nilikukosea nini?"

Hapo nilikuwa nimeshaapa, mwanangu. Kuku wakanitoka. Beseni likanitoka. Wanasema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha kiasi kwamba hata wewe sikukuzalia ukweli huu. Nikausema mbele ya watu nisiowajua, na sasa nakuandikia.

Baba yako kila alfajiri alikuwa akitoka kwa mlango ule, anakwenda kunywa chai ya kwanza kwa Mzee Kiraka, na saa kumi na mbili na robo anarudi. Kwa sababu ya ile bawaba, komeo lilikuwa lazima linyanyuliwe, likagonga chuma, ndipo mlango ufunguke. Miaka thelathini nimesikia chuma kile, na mkono wangu ukisikia tu unatoa vikombe viwili. Alipofariki, Mzee Kiraka akaendelea kupita saa ile ile kwenda kibandani kwake. Chuma kile kile. Kila asubuhi mkono wangu ulitoa kikombe cha pili kabla akili haijaukumbusha. Kila asubuhi baba yako alirudi, na kila asubuhi hakuwa yeye. Nilivumilia mwaka na nusu, nikashindwa. Nikamwita mwashi.

"Hukunikosea kitu," nilimwambia. "Nilishindwa kumsubiri mtu asiyekuja."

Hakimu hakuandika lile la mwisho, au aliandika baadaye. Akasema mahakama inaahirishwa kwa saa moja, na kwamba benchi la nje liko wazi kwa wenye shauri wanaotaka kuzungumza. Tukatoka. Tulikaa pale kama watoto waliotolewa darasani. Mzee Kiraka akaniambia kwamba yeye naye, akifika kwenye mlango ule, alikuwa akisimama kidogo akingoja mwenzake atangulie. Kisha tukaomba tarehe ya kuleta makubaliano yetu wenyewe. Ni tarehe 1 Agosti.

Mlango umebaki mahakamani, wanasema kielelezo hakitoki hadi shauri liishe. Nina sare thelathini za kukata na ninakatia sakafuni. Goti limeanza tena.

Mama yako


20 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako niliisomea masjala, nikalazimika kwenda kusimama nyuma ya rafu za majalada ya zamani. Mwenzangu alidhani ni vumbi.

Kwa ukarani kwanza, halafu mengine. Mkipatana, andikeni wenyewe kwa maneno yenu, mtie sahihi wote wawili. Hakimu akiridhika atayaweka kwenye jalada na yatakuwa hukumu, hukumu ya makubaliano, yenye nguvu ile ile kama aliyoitoa yeye. Uzuri wake ni huu: hakimu anaweza kuamua mlango ufunguliwe au usifunguliwe, basi. Nyinyi mnaweza kuandika lolote mnalolihitaji, hata liwe dogo kiasi gani, hata kama kwenye kitabu cha sheria halimo. Kwa hiyo usiogope kuomba kitu kidogo.

Sasa mengine. Umeapa wewe, acha na mimi niape hapa. Tangu mazishi sijaja nyumbani. Nimekuwa nikikwambia kazi nyingi. Kazi si nyingi kiasi hicho. Naogopa kuingia karakana nisisikie randa. Wewe ulisikia sauti mno ukajenga ukuta, mimi naogopa kukosa sauti, nikajenga wangu wa safari ya siku mbili. Sisi ni mama na mwana kweli.

Nilikuwa sijui kwamba alitundika kwa haraka kwa sababu yangu. Iache ile bawaba, Mama. Ukiweza.

Mwanao


14 Agosti

Kitinda mimba wangu,

Nakuandikia saa moja asubuhi, mzima wa afya, chai iko mezani.

Shauri limekwisha. Tuliandika makubaliano kwenye kaunta yake ya kushonea viatu, mimi nikisema na yeye akiandika, maana mwandiko wangu hakimu angeuvulia miwani. Yana mistari minne. Ukuta utafunguliwa na mlango utarudi mahali pake. Mdai atapita maisha yake yote, kama alivyoandika marehemu. Karakana itabaki na hatua zake nne. Na wa nne ndio ule mdogo. Hakimu alipoufikia aliusoma kwa sauti mbele ya watu wote: mdai, kila apitapo asubuhi, atapiga hodi kwa sauti ya kusikika kabla hajagusa komeo, ili mdaiwa ajue ni yeye. Akauliza kama ndivyo tulivyokubaliana. Tukasema ndivyo. Akagonga muhuri.

Mwashi amebomoa matofali yake mwenyewe, na ananitazama kama mtu asiyejua anachotaka. Fundi aliyekuja kutundika alisema bawaba ya chini imekaa upande, airekebishe kabisa ili komeo lisigonge. Nikamwambia aiache.

Leo ndiyo siku ya kwanza. Niliamka mapema nikakaa hapa mezani na kikombe changu, kimoja. Nikaangalia saa, nikaacha kuangalia. Saa kumi na mbili na robo nikasikia hatua upande wa pili, ile ya mguu mzima na ile ya mguu mbovu, zikasimama. Zilisimama muda kidogo. Kisha Mzee Kiraka akapiga hodi, kwa sauti kubwa mno, maskini, ametii hukumu hata kuku wa mtaa wa pili wameamka.

Nikasema karibu. Ndipo komeo likagonga chuma. Mkono wangu ukatoa kikombe cha pili, mwanangu, nami sikuuzuia. Nikakijaza, kwa kuwa sasa nilijua ni cha nani.

Amekunywa akiwa amesimama, anachelewa kibandani, ameulizia habari zako. Nimemwambia unakuja mwezi ujao. Sijakuuliza, lakini nilikuwa nimeshasema, na mbele ya shahidi.

Ukifika pita mlango wa nyuma. Linyanyue komeo kidogo, utakumbuka. Na upige hodi.

Mimi mama yako